Eddie Kotal, kocha wa chuo kidogo aliyeifanya kazi ya kusaka vipaji kuwa taaluma

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika, futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, ilikuwa na ligi ya kulipwa iliyodumu robo karne. Ilikuwa na viwanja, wamiliki, makocha na mashabiki. Ilichokosa ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku, mwaka mzima, ilikuwa kuzunguka nchi na kutafuta wachezaji. Vilabu viliokota majina magazetini, vikauliza marafiki, vikangoja bahati. Klabu ya Los Angeles Rams ndiyo iliyoamua kumlipa mtu mshahara kwa kazi hiyo peke yake. Mtu huyo alikuwa Eddie Kotal.

Jina lake halitajwi sana leo hata Marekani kwenyewe, ingawa katika historia ya mchezo huo nafasi yake haina ubishi. Wachezaji aliowaona na kuwaleta ndio waliobaki vinywani mwa watu, kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo.

Edward Louis Kotal alizaliwa mwezi Septemba mwaka 1902 katika jimbo la Illinois. Alisoma katika chuo cha Lawrence, kilichopo mji wa Appleton jimboni Wisconsin, na huko mbio zake zilimpatia sifa. Mwaka 1925 alijiunga na Green Bay Packers, klabu ya mji mdogo wa kaskazini uliokuwa ukishindana na majiji makubwa kama Chicago na New York. Alicheza hapo misimu mitano. Ule wa mwisho, wa 1929, Packers walimaliza bila kupoteza mchezo hata mmoja na kutwaa ubingwa wao wa kwanza. Mchezaji wa enzi hizo hakutajirika. Kofia ya kichwani ilikuwa ya ngozi, na haikuwa lazima kuivaa. Mtu alipostaafu ilimbidi atafute riziki kwingine.

Kotal aliitafuta katika ualimu wa michezo. Kuanzia mwaka 1931 alikuwa kocha wa chuo cha ualimu cha Stevens Point, katikati ya Wisconsin, eneo la viwanda vya karatasi na mashamba ya viazi. Alifundisha futiboli na mpira wa kikapu kwa zaidi ya muongo mmoja. Vijana waliomjia walikuwa watoto wa wakulima na wafanyakazi wa viwandani, waliokuja chuoni kupata cheti cha kufundisha shule. Hakuna mwandishi kutoka New York aliyepanda treni kwenda kuwatazama wakicheza. Yeye ndiye aliyewatazama, na kwa miaka mingi alijionea jinsi kijana mwenye kipawa anavyoweza kumaliza masomo na kwenda zake bila nchi kujua kwamba alipata kuwapo.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Ted Fritsch. Alipomaliza chuo mwaka 1942 hakuna klabu iliyomchagua katika uteuzi wa wachezaji wapya. Packers walimchukua vivyo hivyo, na mwaka huo huo Kotal naye alirejea Green Bay akiwa kocha msaidizi. Miaka miwili baadaye, katika mchezo wa kuwania ubingwa wa mwaka 1944, Packers waliwashinda New York Giants kwa pointi 14 kwa 7. Mara zote mbili Packers walipofunga, mfungaji alikuwa Fritsch, mtu ambaye ligi nzima ilikuwa imempita bila kumwona.

Uteuzi huo unaitwa drafti, na hauna mfano katika soka ya Afrika Mashariki. Mchezaji anayemaliza chuo hauzi huduma yake kwa klabu aitakayo. Vilabu hukutana mara moja kwa mwaka na kuchagua kwa zamu, klabu iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia na bingwa akiwa wa mwisho. Kisha raundi ya pili, ya tatu, na kuendelea. Mchezaji aliyetajwa na klabu anaweza kujadiliana na klabu hiyo tu. Mpango huo ulibuniwa na Bert Bell, mmiliki wa klabu ya Philadelphia iliyokuwa hoi, na drafti ya kwanza ilifanyika mwezi Februari mwaka 1936. Siku hiyo klabu tisa zilichagua wachezaji 81. Kufikia miaka ya 1940 raundi zilikuwa zimefika 30 au zaidi.

Hapo ndipo ujinga ulipojificha. Wachezaji kumi au ishirini wa kwanza walijulikana na kila mtu, kwa sababu magazeti yaliwaimba msimu mzima. Lakini klabu inayopaswa kutaja majina 30, na yenye majina kumi tu kichwani, itayapata wapi yaliyobaki? Wengine waliingia katika chumba cha uteuzi wakiwa na jarida la michezo lililonunuliwa kwenye kibanda cha magazeti, wakalifungua na kusoma. Raundi za mwisho zilichezwa kama bahati nasibu, saa za usiku, watu wakiwa wamechoka na wakitaka kwenda kulala.

Dan Reeves hakuridhika na utaratibu huo. Alikuwa kijana wa familia tajiri ya New York, aliyeinunua Rams mwaka 1941 ikiwa Cleveland. Mwezi Januari mwaka 1946, wiki chache tu baada ya kutwaa ubingwa, aliihamishia Los Angeles. Wamiliki wenzake walimwona mbadhirifu. Hawakubadili mawazo alipoanza kutumia fedha kuwatafuta wachezaji ambao, kwa hesabu yao, wangepatikana bure magazetini. Reeves alimtaka mtu anayejua mchezo, asiyechoka na safari, na asiyedharau mahali padogo. Muongo mmoja wa Stevens Point ulikuwa umemwandaa Kotal kwa kazi hiyo kuliko cheo chochote ambacho angepata katika chuo kikubwa.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Msaka vipaji hukaa barabarani kwa majuma, hulala hoteli za bei nafuu na kusimama pembeni mwa viwanja vya mazoezi wakati wengine wako nyumbani. Hupima urefu, uzito na kasi. Huzungumza na kocha wa kijana, kisha na kocha wa timu pinzani, kwa kuwa wa kwanza husifu mno na wa pili husema kile alichokiogopa. Huuliza kama kijana ana mke, kama anadaiwa na jeshi, kama anapenda mchezo au anapenda kushangiliwa. Yote huandikwa. Rams waliingia katika chumba cha uteuzi wakiwa na majalada ya maelezo yaliyokusanywa mwaka mzima, huku wengine wakiwa bado na majarida yao. Tofauti ilionekana upesi.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Norm Van Brocklin, mrusha mpira wa Chuo Kikuu cha Oregon. Wakati wa uteuzi wa mwaka 1949 vilabu vingine viliamini kwamba kijana huyo alibakiwa na mwaka mzima wa masomo, na kwa hiyo hakuwa halali kuchaguliwa. Rams walikuwa wamechunguza wakagundua kwamba alikaribia kumaliza shahada yake mapema. Walinyamaza, wakamtaja katika raundi ya nne. Van Brocklin alikuja kuwa miongoni mwa warusha mpira wakubwa wa zama zake. Mwezi Septemba mwaka 1951 alirusha pasi za jumla ya yadi 554 katika mchezo mmoja, na kwa miongo mingi rekodi hiyo haikuvunjwa.

Wengine walitoka mbali zaidi na macho ya watu. Dan Towler alisoma Washington and Jefferson, chuo kidogo cha Pennsylvania. Rams walimchagua mwaka 1950 katika raundi ya 25, wakati ambapo katika meza nyingine majina yalikuwa yakitajwa ilimradi tu. Mwaka 1952 aliongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia na mpira, yadi 894, huku akisomea uchungaji. Baadaye aliacha mchezo na kushika kanisa. Andy Robustelli alitoka Arnold, chuo cha Connecticut kidogo kiasi kwamba hakikudumu. Kilimezwa na chuo kingine miaka michache baadaye. Mtandao wa Rams ulimfikia hata huko, akachaguliwa mwaka 1951 katika raundi ya 19. Alicheza katika ligi misimu 14.

Lakini safari iliyolipa jina la Kotal uzito wake ilikuwa ya kwenda Louisiana, katika kijiji cha Grambling.

Marekani ya wakati ule ilikuwa na ukuta ndani ya michezo yake. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1945 hakuna hata Mmarekani Mweusi mmoja aliyecheza katika Ligi ya Taifa ya Futiboli, NFL. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wamiliki walielewana kimya kimya, na hilo lilitosha. Ukuta ulipata ufa mwaka 1946, pale Rams walipohamia Los Angeles na kutaka kutumia uwanja wa Coliseum, uliojengwa kwa fedha za umma. Waandishi wa magazeti ya Weusi walihoji vipi uwanja wa wananchi wote utumiwe na klabu inayowabagua baadhi yao. Rams wakawasajili Kenny Washington na Woody Strode, waliokuwa wamesoma chuo kikuu cha mji huo huo.

Hata hivyo, wachezaji Weusi wa mwanzo walitoka karibu wote katika vyuo vya Wazungu vya kaskazini na magharibi, vile ambavyo magazeti makubwa yaliviandika. Kusini hali ilikuwa nyingine. Kwa mujibu wa sheria, mtoto Mweusi wa Louisiana hakuweza kusoma katika chuo kikuu cha jimbo lake huko Baton Rouge, sembuse kuichezea timu yake. Alikwenda katika vyuo vilivyotengwa kwa ajili ya Weusi, vikacheza vyenyewe kwa vyenyewe, mbele ya watu wao, na matokeo yakachapishwa katika magazeti yao. Kwa vilabu vya kulipwa, nusu hiyo ya mchezo ilikuwa kama haipo. Kipaji kilikuwapo, tena kwa wingi. Barabara ya kukifikia ndiyo haikuwa imepitwa na mtu.

Grambling kilikuwa kimebadilisha jina mwaka 1946 tu; kabla ya hapo kiliitwa kwa jina refu lililomtangazia kila mtu kwamba ni taasisi ya Weusi. Kocha wake, Eddie Robinson, alikuwa hajatimiza miaka 30, na majukumu yake yalikwenda mbali kuliko kupanga timu. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwapo Paul Younger, kijana mkubwa wa mwili aliyekimbia na mpira kana kwamba watu waliomzuia ni pazia. Walimwita Tank, yaani kifaru cha kivita.

Kotal alimfuatilia Younger, na Younger alipomaliza masomo Rams wakamtaka. Hawakumchagua katika drafti ya mwaka 1949. Hakuna klabu iliyomtaja katika raundi yoyote, ingawa mwaka huo ulikuwa wa kwanza ambapo vilabu viliwachagua wachezaji Weusi, akiwamo George Taliaferro wa Chuo Kikuu cha Indiana. Rams walimsajili kama mchezaji huru baada ya uteuzi kupita, njia iliyowagharimu kidogo na isiyowahatarishia nafasi hata moja ya drafti. Ni haki kulisema jambo hilo. Kotal alikuwa mwajiriwa wa klabu iliyotaka kushinda kwa gharama nafuu. Hakwenda Grambling kama mpigania haki, na hakuna sababu ya kumvika joho hilo leo. Lakini alikwenda. Wenzake katika ligi walikuwa na nauli ile ile na ramani ile ile.

Kwa Robinson na chuo chake, mkataba huo ulikuwa na uzito uliopita mtu mmoja. Hakuna mchezaji wa chuo cha Weusi aliyewahi kucheza katika NFL. Kabla ya kumwacha aondoke, Robinson alimweleza Younger kwamba akishindwa, vilabu vitasema vimekwisha kuwajaribu walio bora na hawakufaa, na haijulikani mlango utafunguliwa tena lini. Kijana wa miaka 21 alipanda treni kwenda California akiwa amebebeshwa mzigo huo.

Hakushindwa. Younger alicheza Rams misimu tisa, akikimbia na mpira na pia akicheza upande wa ulinzi, jambo ambalo tayari lilikuwa nadra. Pamoja na Towler na Dick Hoerner waliunda safu ya wakimbiaji watatu wenye miili mizito ambao mashabiki waliwaita tembo dume. Mwezi Desemba mwaka 1951 Rams waliwafunga Cleveland Browns pointi 24 kwa 17 na kutwaa ubingwa. Pasi ya ushindi ilirushwa na Van Brocklin. Towler, Robustelli na Younger walikuwa katika kikosi hicho. Ukitoa watu walioletwa na wasaka vipaji, hapangebaki timu ya kushinda chochote.

Mfumo huo haukukamata kila samaki. Mwaka 1952 kijana mmoja aliyechoshwa na kubeba mabati yenye mafuta katika kiwanda cha ndege aliingia kwa miguu yake katika ofisi za Rams, mkononi akiwa na kitabu cha vipande vya magazeti kuhusu michezo aliyocheza katika chuo kidogo na jeshini. Drafti haikuwa imemgusa. Walimjaribu. Aliitwa Dick Lane, na msimu wake wa kwanza alinasa pasi 14 za wapinzani, rekodi ya msimu mmoja ambayo hakuna aliyeipita. Huwezi kujizuia kuwaza juu ya wengine waliopita nje ya ofisi za vilabu wakiwa ndani ya basi na wasishuke.

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 vilabu vingine vilikuwa vimeacha kucheka na kuanza kuiga. Tex Schramm, aliyekuwa meneja wa Rams miaka hiyo, alikwenda kuanzisha Dallas Cowboys mwaka 1960 na kulichukua wazo hilo pamoja naye. Dallas waliongeza kompyuta, wakageuza maoni ya wasaka vipaji kuwa namba. Lakini namba hizo zilihitaji kwanza mtu wa kwenda uwanjani na kutazama, jambo ambalo Kotal alikuwa amelifanya kwa kalamu na daftari.

Katika vyuo vya Weusi mambo yalisogea kwa mwendo wa kobe. Giants walimchagua mchezaji wa chuo cha Weusi katika drafti ya 1950, wa kwanza kabisa, katika raundi ya 16. Klabu ya Washington haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja hadi mwaka 1962, kwa ukaidi wa mmiliki wake. Wakati huo huo Grambling kilikuwa kimegeuka njia kuu. Mwaka 1963 mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika drafti ya AFL, ligi pinzani ya NFL, Buck Buchanan, alitoka mikononi mwa Robinson. Mwaka 1978 Doug Williams wa chuo hicho hicho alichaguliwa katika raundi ya kwanza, na miaka kumi baadaye aliiongoza hiyo hiyo Washington kutwaa ubingwa.

Kotal aliitumikia Rams hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika drafti ya mwaka 1961 wasaka vipaji wa klabu hiyo walikuwa wakitazama filamu ya mchezo ili kumpima mchezaji mwingine, wakamwona mlinzi mmoja mkubwa akiwakimbiza watu wepesi na kuwafikia. Jina lake lilikuwa David Jones, kutoka chuo cha ufundi cha Weusi huko Mississippi. Kabla ya hapo alikuwa South Carolina, ambako alinyang'anywa ufadhili wa masomo kwa kushiriki maandamano ya haki za raia. Rams walimchukua katika raundi ya 14. Wengi humhesabu kuwa mlinzi bora kuliko wote waliopata kucheza nafasi yake.

Eddie Kotal alifariki dunia tarehe 27 Januari mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 70. Tank Younger, baada ya kustaafu uchezaji, alishika kazi ile ile iliyomtoa Louisiana: akawa msaka vipaji wa Rams. Mwaka 1975 alikwenda San Diego kuwa meneja mkuu msaidizi, Mmarekani Mweusi wa kwanza kufikia cheo hicho katika ligi, na alifariki mwaka 2001.

Katika jumba la kumbukumbu la mchezo huo, lililopo mji wa Canton jimboni Ohio, zimo sanamu za Reeves, Van Brocklin, Robustelli, Lane na Jones. Mwaka 2021 iliongezwa ya Bill Nunn, mwandishi wa habari Mweusi aliyekuwa msaka vipaji wa Pittsburgh na kuijaza klabu hiyo mabingwa kutoka vyuo vya Weusi. Sanamu ya Kotal haimo.